Sungura Wako na Kanga Isiyofuliwa

Kwa mke mwenzangu, Da Mwanaidi,

Shikamoo. Nakupa salamu hii kwa mazoea, maana mdomo umeshaizoea na sina pengine pa kuipeleka. Mume wetu Hamadi ameondoka asubuhi kwenda shambani Pongwe, nami nimekaa uani kwenye kigoda chako. Sungura wako wamejinyoosha kwenye saruji niliyoimwagia maji, kama watu waliotoka kula pilau ya harusi. Nina jambo la kukuambia. Mdogo wako Riziki alikuja Ijumaa kutoka Maramba, na yaliyotokea baina yake na mimi siwezi kumweleza mtu mwingine, maana hapa Makorora kila mtu ameshaamua mimi ni nani. Mimi ni mke mwenza aliyebaki. Nikienda dukani wananipa pole kwa sauti, na macho yao yananipa hongera.

Lakini nikianza na Riziki nitapotea njiani. Wacha nianze pale tulipoanza sisi.

Mimi nilikuwa kwetu Pongwe, nimeachika, nimerudi kwa shangazi yangu na sanduku langu. Hamadi aliponiposa alisema mapema kwamba ana mke na kwamba mke anajua. Shangazi akamuuliza, "Anajua, au kaambiwa?" Hamadi akajikuna shingo. Haikupita wiki akaja mjumbe wako, yule mama muuza ukwaju, na kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na upande mmoja wa kanga, si mpya, umelainika kwa kuvaliwa, na una harufu ya jasho na udi na kitu kingine ambacho sikukijua siku ile, kama nyasi zilizoanikwa. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa mdomo.

"Da Mwanaidi anasema uilalie hii. Na anaomba yako, uliyojifunga, ila usiifue."

Shangazi alikaa chini pale pale aliposimama. Wewe mzaliwa wa Tanga, Da Mwanaidi, ulitegemea nini? Nani katika mkoa huu asiyejua kazi inayofanywa kwa nguo ya mtu yenye jasho lake? "Anaomba jasho lako mchana kweupe!" shangazi akasema. "Wala haya hana!" Kisha akaikunjua kanga yako kwa ncha za vidole ili asome jina, na kwa bahati mbaya jina lilikuwa Hasidi hana sababu.

"Soma! Soma mwenyewe. Kakuandikia kabisa."

"Shangazi, kila kanga ina maneno yake."

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Waliosema hawakuwa wajinga."

Kanga yako ilibebwa kwa kijiti mpaka nyuma ya jiko, ikanyunyiziwa chumvi, ikaanikwa kwenye mpera, na watoto wa jirani wakakatazwa kupita hapo. Yangu haikukufikia. Shangazi alinunua mpya dukani, akaifinyangafinyanga mikononi ili ionekane imevaliwa, akakuletea. Baadaye sana uliniambia kwamba ulipoifungua ulinusa mara moja tu. "Nikasema, hii imelala rafuni, haijalala na mtu." Ukasema hukukasirika. Ulijua tu kwamba kazi itakuwa ngumu.

Kisha ukaomba tuonane kabla ya ndoa, si kwenu wala si kwetu. Ukachagua baraza la duka la vitambaa la wale Wahindi uliokuwa ukiwashonea mapazia. Nilikuja na shangazi, ambaye alibaki ng'ambo ya barabara akilinda kama askari. Hukunikalia usoni. Ulikaa ubavuni kwangu, sote tukitazama njia, na sahani ya kashata katikati. Hukuniuliza neno juu ya ndoa yangu ya kwanza, wala hukunipa mawaidha. Ulikula kipande, ukasubiri, nikala kipande. Mimi nilikuwa natazama kama umechukua cha upande wako tu, na wewe kila mara ulichukua cha upande wangu, ukakila kwanza. Tulipoachana ulisema, "Umekula vizuri," basi. Nilirudi Pongwe nikimwambia shangazi kwamba mke mwenzangu ama ni mchawi mkubwa ama ana upungufu.

Nilipohamia Makorora nikakuta chumba changu kina milango miwili. Mmoja wa ukumbini, mmoja umetobolewa juzijuzi, saruji yake haijakauka, unatokea uani. Hamadi alikuwa akinung'unika juu ya wezi. Wewe ulimwambia, "Mwizi atajifikiria mwenyewe. Huyu asilazimike kupita mbele ya mlango wangu akiwa na hasira zake." Sikuelewa. Nilidhani umenitengea njia ya kutokea siku nitakayofukuzwa.

Na uani ndiko walikokuwa hawa sungura. Mimi nimezaliwa na kuku na mbuzi, lakini sikuwahi kuona mtu mzima anafuga sungura asiowala wala asiowauza. Uliwapata kwa wale wale Wahindi, binti yao alipokwenda kusoma nje akawaacha wawili wakidhoofu, kila mmoja kwenye kizimba chake. Uliwachukua ukavunja vizimba vyote viwili. Upande mzima wa ua ukauzungushia wavu, ukawajengea vibanda vya mbao, na kila kibanda kina matundu mawili. Madume ukawapeleka kwa bwana mifugo wakahasiwe, na mtaa mzima ukacheka wiki nzima. "Mwanaidi anatahiri sungura!" Wewe hukujali. Walipokuwa wakikuambia fahali wawili hawakai zizi moja, tena wakinitazama mimi, ulijibu, "Hao ni fahali. Muulizeni fahali."

Ulikuwa ukitazama video zao kwenye simu ukishona. Kizungu kilikupita, ukawa unatazama picha, na picha zilikutosha. Ulijua kwamba sungura aliye peke yake hupooza, na kwamba wakiwa wengi bila nafasi huraruana. Sahani zao uliziweka mbalimbali ili mkubwa asikalie chakula chote. Joto la Januari lilipokuja uliwawekea chupa za barafu zilizofungwa matambara, na kila mmoja akaegemea ya kwake. Hamadi akiuliza maji yake ya baridi yako wapi, ulimwambia aende akaegemee nao.

Basi siku moja ukaletewa sungura jike, mweusi, aliyeokotwa mtaroni sokoni. Ukamwita Mgeni. Nilidhani utamtia tu ndani na wenzake. Wewe ukamweka kwa jirani. Ukachukua tambara alilolalia Mgeni ukalitia kwenye kibanda cha Kungumanga, yule jike mkubwa wa kahawia aliyekuwa mtawala wao, na la Kungumanga ukampelekea Mgeni. Kesho yake ukabadilisha tena. Nikakuuliza unafanya nini.

"Nawazoesha harufu. Wakikutana ghafla watauana. Wakishalaliana nguo, pua zinakuwa zimeshajuana."

Kisha ukawakutanisha. Si kwa jirani, wala si kwetu. Uliomba stoo tupu ya mwenye nyumba wa pili, ukaisugua kwa siki isiwe na harufu ya mtu, ukawaweka humo ubavu kwa ubavu, na majani ya matembele katikati yao. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo. Nikatazama matembele. Nikakumbuka kashata.

"Da Mwanaidi," nikasema, "mimi uliniingiza hivi hivi?"

Ulijaribu kuuma mdomo, ukashindwa. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Wewe ulikuwa mgumu kuliko sungura," ukasema. "Sungura hana shangazi."

Nami nilikasirika, unajua. Nilikasirika siku mbili, nikapita mlango wangu wa uani kwenda na kurudi bila kukutazama, na wewe hukunisemesha wala hukunibana. Siku ya tatu nilikuja mwenyewe kukusaidia kukata majani, ukanisogezea kisu. Sidhani kama nimewahi kupendwa kwa akili namna ile. Mama yangu alinipenda kwa sababu ni mama, na waume wawili kwa sababu zao. Wewe ulinipenda kwa kazi, ukiniogopa kidogo, na kuanzia siku zile nikaacha kujihesabu mgeni.

Tuligombana, usinifanye niandike uongo. Tuligombania zamu, tuligombania chumvi ya mchuzi, na ile redio yako ya kuamka nayo. Uliposhikwa na hasira ulikuwa ukipiga mguu chini mara moja kama Kungumanga anavyofanya akiona paka, na mimi nilikuwa nakuambia, "Haya, kibandani!" Majirani waliosikia kelele walifurahi, kisha wakasikia kicheko wakaudhika.

Sasa nije kwenye jambo la Tangawizi, maana ndilo linalonitesa.

Sungura wako Tangawizi alikufa kwenye joto la mwaka ule maji yalipokatika. Tulimkuta asubuhi amenyooka. Nilitaka kumfunga kwenye mfuko haraka kabla Hamadi hajaamka, ukanishika mkono. "Mwache." Ukamlaza katikati ya ua wao juu ya gunia lenye maji, ukakaa kando. Wakaja mmoja mmoja. Chokaa, yule dume mweupe aliyekuwa rafiki yake, alimnusa masikio, akamsukuma kwa pua kama mtu anayemwamsha mtu, akalala ubavuni kwake. Kungumanga alimnusa akaenda zake, akarudi, akamlamba jicho. Asubuhi yote ile ulikaa hapo, cherehani imefunikwa, wateja wanagonga mlango. Mpaka Chokaa aliponyanyuka mwenyewe akaenda kula, ndipo ukasema tumchukue.

Uliniambia kwamba zamani, kwa kutojua, ulimzika mmoja upesi mwenzake hajamwona, na yule aliyebaki alizunguka kila kona, akiingia tundu hili na kutokea lile, akakataa chakula. "Asiyeona hutafuta," ukasema. "Hawezi kuacha. Nani kamwambia kwamba kazi ya kutafuta imekwisha?"

Mimi sikuona, Da Mwanaidi.

Siku ulipopelekwa hospitali ulitembea kwa miguu yako mpaka kwenye bajaji. Riziki alikuwa amekuja kukuuguza, akapanda nawe, na Hamadi akakaa mbele. Uliniambia, "Wabadilishie maji, jua kali." Niliachiwa nyumba na sungura kwa sababu mtu wa kukaa wodini alikuwapo, na kwa sababu wote tulidhani unarudi. Nilikuwa nimekuandalia uji wa Jumapili. Ulirudi kabla ya Jumapili, kwenye gari iliyofungwa, umefunikwa.

Wakakuingiza chumbani kwako. Nikabeba beseni la maji nikawafuata, kwa sababu nilikuwa najua wapi lilipo beseni zuri, na kanga zako safi, na ule ubani uliokuwa ukiupenda. Riziki alikuja mlangoni akalipokea beseni. Nyuma yake nikamsikia mama yenu mkubwa akisema, hakusema kwa ubaya hata, alisema kama mtu anayetaja utaratibu, "Tuko ndugu watupu, twatosha. Mke mwenza akae nje." Mlango ukafungwa. Nilikwenda jikoni. Nilipika chai ya msiba wako kwa masufuria mawili, na nyumba nzima ilinuka karafuu maiti na udi wa kufukizia, mpaka harufu yako yote ikafunikwa. Kisha wanaume wakapita barazani na jeneza mabegani wakienda nalo mbio, na mimi nikaona kitambaa cha kijani na maandishi ya dhahabu. Ndicho nilichokiona. Kitambaa.

Mke akifiwa na mume anakaa eda, watu wanajua wamkalie wapi na wamwambie nini. Mke akifiwa na mke mwenza hana eda, hana mkeka. Mwanamke mmoja aliniminya mkono jikoni akaninong'oneza, "Haya, Mungu kakupa nyumba." Nilimtilia sukari kwenye chai yake nikampa.

Baada ya watu kutawanyika, nikaenda kwa sungura. Nimewalisha miaka, lakini daima nyuma yako, wewe mbele na mimi na ndoo. Nilipoingia peke yangu Kungumanga alipiga mguu, wakatoweka vibandani wote. Niliweka majani nikatoka. Asubuhi majani yapo vile vile. Siku iliyofuata yapo. Chokaa alianza kukonda, nikamshika mgongo nikahisi mifupa. Nikakumbuka maneno yako juu ya asiyeona. Hata wao hawakukuona, unaelewa? Uliondoka kwenye bajaji, na nyumba ikajaa watu na moshi.

Kanga yako ya bandani ilikuwa pale pale kwenye msumari, ile uliyokuwa ukijifunga juu ya dera ili usichafuke. Haijafuliwa. Niliichukua nikaiweka usoni, na ulikuwamo wote, jasho lako na mafuta ya nazi na siki na nyasi. Nikajifunga. Nikaingia. Kungumanga akatoa kichwa, akanusa hewa, akaja mpaka miguuni. Chokaa akafuata. Walikula mkononi mwangu, nami nikalia kwa furaha na kwa wivu, maana hawakuja kwangu.

Basi tangu hapo kila asubuhi na kila alasiri nilikuwa nakuvaa. Sitafuti neno jingine. Niliitunza kanga kwenye mfuko wa plastiki ili hewa isikuchukue, nikaitoa saa ya kuwalisha tu. Haikugusa maji. Na nikiwa nimejifunga hiyo mambo yalikuwa yakinijia yasiyo yangu. Nilijikuta nasafisha koo kama wewe kabla ya kusema. Nilijikuta namwambia Mgeni "mama'ngu" kwa ile sauti yako ya puani. Siku moja nilihisi kabisa uzito wa mtu kwenye kigoda nyuma yangu, sikugeuka, nikaendelea kukata majani na kukupisha nafasi. Niliogopa, sikatai. Lakini niliogopa zaidi kugeuka nikakuta hakuna mtu.

Kisha Hamadi. Alitoka msikitini alasiri akanikuta nimeinama, mgongo kwake. "Mwanaidi," akaita. Na mimi, Da Mwanaidi, nikaitika. "Abee." Nilipogeuka uso wake ulikuwa umebadilika rangi, akaingia ndani, na chakula hakugusa. Kesho yake akasema labda sungura wapewe mtu. Nikamwambia labda yeye apewe mtu. Hakurudia.

Lakini majirani waliona, ua wetu si wa siri. Mke mwenza anavaa nguo ya marehemu yenye jasho, anasema peke yake, tena na wanyama waliohasiwa. Kwa watu wa Tanga hilo linahitaji maelezo gani? Habari ikafika Maramba mapema kuliko basi.

Ndipo Riziki akaja Ijumaa. Alisema amekuja kwa nguo zako, zigawiwe sadaka kama ada, na kweli alikuwa na mabegi. Hamadi alimfungulia chumba chako. Mimi nilikuwa bandani nikiwalisha, sikujua amefika, na nilipoinua macho alikuwa amesimama kwenye wavu akinitazama kiunoni.

"Ivue."

Sikumwamkia wala yeye hakunisalimu. Nikasimama na majani mkononi.

"Nimesikia nikasema watu waongo," akasema. "Nikasema mtoto wa watu hawezi. Kumbe ni kweli! Dada yangu ulimfanya nini? Nguo yake unataka nini nayo? Ivue, nimesema!"

"Riziki, hawa hawali bila hii."

"Wewe ndiye mchawi, au hao?"

Nilitaka kumcheka, maana nilimsikia shangazi yangu mtupu, lakini nilidondosha majani nikashika fundo la kanga. Nilijua nikiivua umekwisha. Utaingia kwenye begi lile, utakwenda Maramba, mtu atakufua kwa sabuni ya unga na kukuanika. Na Chokaa ataacha kula tena. Na kigoda kitakuwa kigoda tu. Nikasema, "Chukua zote. Chukua dera zote, chukua mikufu, chukua hata cherehani. Hii niachie." Riziki akafungua wavu akaingia na viatu vyake, sungura wakatawanyika, akakamata upindo. Tulivutana, watu wazima wawili kwenye mavi ya sungura. Yeye alikuwa na nguvu za mkulima, mimi sikuwa na kitu. Ikafunguka.

Hakuiweka kwenye begi. Aliishika kwa mikono miwili akaitia usoni, akavuta pumzi kwa nguvu namna ile nilivyofanya mimi siku ya kwanza. Nikaelewa hakuja kwa sadaka. Alikuwa ameshapekua chumba chako, na nguo zako zote za kabatini ulikuwa umezifua, wewe na usafi wako.

Akavuta tena. Akageuza upande wa pili. Alipoinua uso hasira ilikuwa imemtoka, amebaki kama mtoto aliyefunguliwa mlango wa nyumba tupu.

"Hayumo," akasema. "Hii inanuka wewe."

"Haiwezekani. Sijaifua. Sijaitia maji."

"Nusa."

Nilinusa. Sikusikia chochote, Da Mwanaidi. Mtu hasikii harufu yake mwenyewe. Palikuwa na nyasi, palikuwa na sungura, na baada ya hapo hapakuwa na kitu. Kila siku niliyojifunga ili nikupate, nilikuwa nakutoa kidogo, kwa jasho langu, mimi mwenyewe. Na hawa sungura, sijui tangu lini, walikuwa wakija kwa nani? Nilimtazama Kungumanga. Alikuwa amesharudi, amekaa juu ya mguu wangu, na mimi nimesimama bila kanga.

Riziki akakaa chini kwenye saruji. Nami nikakaa, ubavuni kwake. Alilia na kanga mapajani, na baadaye akajifuta kwa kiganja akasema bila kunitazama, "Mlango ule niliufunga mimi."

"Aliyesema ni mama mkubwa."

"Kitasa nilishika mimi." Akaikunja ncha ya kanga. "Unataka nikwambie?"

Nikasema nataka. Basi akaniambia, taratibu, kama mtu anayemwongoza mtu gizani. Kwamba yeye ndiye aliyekushika kichwa. Kwamba maji yalikuwa ya vuguvugu na walianza na upande wa kulia. Kwamba walikusuka mikia mitatu wakailaza nyuma, na nywele zako zilikuwa na mvi nyingi kuliko alivyojua, umezificha kwa hina. Kwamba midomo yako ilikuwa imefumba vizuri. Kwamba ulikuwa mwepesi.

"Na kwenye kifundo cha mkono wa kushoto alikuwa na kovu, namna ya mwezi. Tulibishana. Mama mkubwa akasema moto. Mimi nikasema alikatwa na mkasi. Tulimwosha hapo hatujui ni nini."

"Si moto wala mkasi," nikamwambia. "Ni Kungumanga. Alishikana na Mgeni siku moja, Da Mwanaidi akaingiza mkono katikati. Alimng'ata mpaka mfupa. Nilimfunga mimi, kwa ushungi wangu, na alikuwa akinigombeza kwamba nimekaza sana."

Riziki akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Ndilo hilo?"

"Ndilo. Upande wa ndani, karibu na mshipa."

"Upande wa ndani," akasema.

Basi alikuwa wewe. Mpaka hapo, nakuapia, sikuwa na hakika ni nani aliyepitishwa barazani chini ya kile kitambaa. Nilikuwa nimejaribu kukuweka humo na picha haishiki. Riziki alipotaja kovu, nikauona mkono wako umelala juu ya ubao, na maji yanapita juu yake, nawe huusogezi.

Kanga alikwenda nayo. Nilimkunjia mwenyewe. Alisema ataifua, na mimi nikamwambia ifue. Mlangoni alinishika bega akaniita wifi, jina ambalo si langu kwake, na hakuna kati yetu aliyejua jina lililo langu.

Kwa muda mrefu niliogopa kwamba bado umo humu ndani. Sasa umetoka, na nyumba ni kubwa mno, na ninaogopa zaidi. Hamadi ananiita kwa jina langu. Mimi ninakwenda polepole, kila kona naikuta tupu, nakubali, naenda nyingine. Umekufa, Da Mwanaidi. Nimekwisha kuona.

Mola akupanulie kaburi lako, na asikuache humo peke yako.

Ni mimi,
mke mwenzio